Kwenye Filamu Unamwosha Mama

Juchitán, 9 Machi 1996

Mama mdogo Casilda,

Kabla ya salamu natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu sitalifikia: sitaki kubaki na bibi. Nililiandika kwanza kwa penseli kwenye daftari la kemia, nikalifuta. Sasa nimeliandika kwa kalamu.

Salamu sasa. Shikamoo. Sisi huku tupo. Mama bado ana meza yake ya kamba wakavu sokoni, na mgongo unamuuma siku za upepo, yaani karibu siku zote. Upepo wa Januari uling'oa mabati mawili ya jikoni, moja tulilikuta kwa jirani Bi Ubalda, jingine hatujaliona. Kaka Wilebaldo yuko Salina Cruz kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta, na mkewe ana mimba ya miezi minne. Bibi alianguka Novemba, wiki moja baada ya sikukuu ya kuwapokea wafu. Upande wake wa kushoto umepooza. Anaongea, lakini ni sisi wa nyumbani na Bi Ubalda tu tunaomwelewa. Mama alikupa habari hizi mwezi wa Desemba kwa mkono wangu. Labda barua haikufika.

Filamu yako imefika. Inaonyeshwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko tangu Februari, na foleni inazunguka mpaka kwa wauza maua. Bango limeandikwa kwa herufi nyekundu: "Muxe: huzaliwa mwana wa kiume, hukua na roho ya kike, na ndiye atakayemzika mama yake." Watu wanapiga picha wakiwa wamesimama pembeni ya uso wako.

Nimeiona mara nne. Watu wote hulia pale unapomwosha mama yako kitandani na kumchana nywele. Mimi sikuhisi kitu. Mara ya nne nilitazama saa. Unamwosha kwa dakika mbili. Yule mwigizaji mzee anashika ukingo wa kitanda na kujiinua kidogo ili kukusaidia, nafikiri hakuna aliyeona ila mimi. Bibi hawezi kukusaidia. Ni mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa, na kumwosha kunachukua saa nzima.

Tangu filamu ije, hawaniachi. Bi Ubalda huniita ukutani: "Umemwona mwenzako? Nyumba yenye muxe haizeeki peke yake." Siku niliyovaa sketi ya bibi kwenda misa kwa mara ya kwanza, mwaka juzi, hakuna aliyeshangaa. Mama alinitazama, akanirekebisha mkanda, akasema, "Afadhali. Sasa najua nani atanizika." Nilifurahi siku hiyo. Sikuelewa kwamba ilikuwa kazi.

Mama ameshasema mbele ya watu kwamba nikimaliza mwaka huu wa pili shuleni, nabaki nyumbani. Usajili wa mwaka wa tatu unafungwa tarehe 16 Agosti. Mwalimu Matus wa fasihi anasema itakuwa hasara, lakini amesema hivyo kwangu tu, hajamwambia mama.

Siombi uje. Naomba jambo moja. Uliondoka nikiwa na miaka mitano, na wewe ndiye uliyekuwa wa kubaki. Nieleze ulimwambiaje bibi. Nataka maneno yenyewe. Nitayanakili.

Mama hasomi, kama ujuavyo. Barua itafika mikononi mwangu. Akitaka nimsomee, nitamsomea salamu.

Mtoto wa dada yako,
Heladio


Mji wa Mexico, 21 Aprili 1996

Heladio mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, marahaba, moja kwa kila mwezi niliochelewa tangu barua ya Desemba. Ilifika. Niliiweka kwenye kioo, nikawa naiona nikipaka wanja, basi ikawa kama sehemu ya kioo.

Msalimie dada. Mwambie ajifunge kanga nzito kiunoni siku za upepo, asijifanye msichana. Msalimie Wilebaldo na mwambie mtoto akiwa wa kike asimpe jina la mama mkwe, yule mama ana bahati mbaya. Kwa bibi, mumpake mafuta ya nazi mgongoni na kwenye visigino. Visigino hasa. Watu husahau visigino.

Mimi sijambo. Nashona mavazi ya waigizaji asubuhi na naigiza wakinihitaji. Ninakaa chumba cha juu, ngazi hamsini na mbili, na chini yangu kuna fundi viatu ambaye huniita "bibi yangu" mbele ya wateja na "bwana mkubwa" akiwa amelewa. Tumezoeana.

Sasa kuhusu filamu. Unaandika kama mtu aliyepewa sahani ya chakula akahesabu punje. Nikuambie kitu. Nimeshakufa mara saba. Mara mbili kwa kisu, mara moja chini ya treni, mara moja mtoni, mara tatu kwa risasi ya mwanamume aliyenipenda akaona haya. Katika hizo saba, nne walinicheka kwanza kabla hawajaniua. Mwingine analia, mimi nimelala, rangi nyekundu inakauka shingoni inawasha, nangoja mtu aseme basi. Ndizo kazi zetu katika sinema, mwanangu. Tuchekwe, tufe, na mwanamume aliyebaki ajifunze jambo.

Basi walipoleta maandishi ya filamu hii nilifungua ukurasa wa mwisho kwanza. Ndiyo desturi yangu, nione nimekufaje. Nikakuta nakunja shuka. Nikarudi nyuma kurasa tatu, nikafikiri nimepitwa. Nilikuwa hai. Nilikaa kwenye ngazi, ngazi ya thelathini hivi, fundi viatu akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna.

Kwa hiyo usiidharau. Iko siku mtoto fulani ataiona na hatafikiri kwamba lazima afe.

Swali lako nimelisoma. Mambo ya wakati ule ni ya wakati ule. Wewe bado mdogo, na mtu kama sisi ni baraka ya nyumba. Usiwe na haraka.

Nimekutumia nyuzi za hariri, nyekundu na za rangi ya chungwa. Darizi maua makubwa, madogo yanakonda yakifuliwa.

Mama yako mdogo,
Casilda


Juchitán, 5 Mei 1996

Mama mdogo,

Shikamoo. Nyuzi zimefika, asante. Mama nilimsomea salamu na ile ya kanga. Alisema, "Anajua mgongo wangu kuliko daktari," lakini alijifunga. Visigino tumevipaka. Kile cha kushoto kilikuwa kimeanza kupasuka. Ulisema kweli, tulikuwa tumesahau.

Hukunijibu.

Sikusema kwamba filamu ni mbaya. Nimelifikiria la kufa mara saba. Nadhani uko sahihi, na nadhani mimi pia niko sahihi, na sijui mtu hufanya nini na hali hiyo. Zile zingine walikuua. Hii wamekuacha hai, ila hakuna siku unayotoka nje ya ule ua. Nimeangalia. Hata sokoni huendi, mahitaji analeta jirani.

Kamati ya sherehe za Mei ilikuja sokoni kumtafuta mama. Nilikuwa nimeshika mizani. Wanataka anwani yako ili uje uongoze msafara wa mikokoteni na uwe wa kwanza kuwarushia watu matunda, kwa heshima ya mwana aliyemtunza mama. Walisema hivyo kabisa, mwana aliyemtunza mama. Wamesahau, mama mdogo. Ni mji huu huu uliokuona ukiondoka. Wameona filamu, na habari ya kweli imewatoka kichwani.

Bi Ubalda alikuwa pale, anajifuta shingo. "Elodia, mdogo wako ametutoa machozi. Ona, shingo bado imelowa."

"Hilo jasho, Ubalda," mama akasema. "Sogea kivulini."

"Una moyo mkavu kama kamba wako."

"Kamba wangu wakilowekwa hulainika. Sikiliza. Filamu imelia, mimi nimeosha. Ua la pongezi apewe nani?"

"Ah, lakini sasa unaye Heladio."

"Ndiyo," mama akasema. "Ninaye Heladio."

Niliendelea kutazama mizani. Mteja aliuliza kama imekwama.

Mama hakutoa anwani. Aliwaambia, "Mkimpata, mwambieni kitambaa kimechelewa." Wazee wa kamati wakacheka kwa adabu. Unajua asili ya neno hilo? Tangu uondoke, mtu akimuuliza bibi uko wapi, hujibu, "Amekwenda kununua kitambaa." Miaka kumi na moja. Nilipokuwa mdogo niliamini. Nilikuwa nafikiri ni kitambaa kikubwa sana.

Nakuuliza tena. Ulimwambia bibi nini?

Heladio


Juchitán, 9 Juni 1996

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu, naandika tena. Mtihani wa kemia nimepata tisa kati ya kumi. Mtoto wa Wilebaldo bado. Mama hajambo.

Sherehe zimepita. Walibeba picha yako juu ya mkokoteni wa kwanza, imezungushiwa maua ya mnazi. Mimi nilivaa sketi nyeusi na blauzi niliyoidarizi kwa nyuzi zako, watu waliisifu, nikarudi nyumbani mapema kwa sababu bibi hugeuzwa kila baada ya saa mbili.

Jumapili iliyofuata mwenye ukumbi wa sinema alimwalika bibi. Mama alikataa, Bi Ubalda akakubali kwa niaba yake. Walikuja vijana wanne saa tisa mchana, wakambeba juu ya kiti cha mbao, wamekipamba. Bibi alivaa dhahabu zake. Walimweka mbele kabisa, katikati ya njia. Mimi nilikaa sakafuni nimeshika mguu wake wa kushoto usiteleze.

Hakujua kwamba ni filamu yako. Hatukuwa tumemwambia, kila mmoja alifikiri mwingine amesema. Ulipotokea aliinua mkono ulio mzima akauelekeza kwenye ukuta wa picha. Kisha ikafika pale pa kuosha, na ukumbi ukaanza kupenga makamasi. Bibi akaniuliza, kwa ile sauti yake yenye mate, lakini kwa nguvu:

"Yule mama ni nani?"

Bi Ubalda akautafsiria ukumbi. Watu wakacheka kwa huruma. Bi Ubalda akasema, "Ni mwigizaji tu, mama, wa kutoka jijini."

"Nauliza ni nani," bibi akasema. "Mbona anamwosha yeye?"

Hilo Bi Ubalda hakulitafsiri.

Nyumbani tulimlaza. Mama alikuwa anamvua vipuli. Bibi akasema, "Hajasahau." Akarudia mara mbili. Nilimuuliza mama hukusahau nini, akasema nikuulize wewe mwenyewe, akaenda kufunika kamba.

Basi naandika nilichoambiwa nikuulize. Hukusahau nini?

Sina huzuni, usifikiri. Nimejaribu kuitafuta. Nikimwosha bibi nafikiria orodha ya madini. Nikimaliza najikuta nimefika mwisho wa orodha na bibi ni safi.

Heladio


Mji wa Mexico, 14 Julai 1996

Heladio,

Marahaba. Hongera kwa kemia. Wilebaldo ameshapata mtoto? Msalimie dada, nimwambie nini, msalimie.

Barua yako ya Juni niliisoma kwenye ngazi, na sikufika juu. Fundi viatu alinipa kiti.

Haya. Nilimwambia mama nakwenda kununua kitambaa.

Hayo ndiyo maneno yenyewe, uyanakili ukitaka. Sikumwambia kitu kingine. Ilikuwa siku ya kurusha matunda, mji wote uko barabarani, yeye ameketi mlangoni anangoja msafara upite. Nikamwambia kitambaa cha sketi kimenipungukia, nakimbia sokoni mara moja. Akasema, chagua cha maua makubwa. Nikapanda basi. Kwa hiyo hasemi uongo akiwajibu watu. Anarudia nilichomwambia.

Nisichokisahau ni kuosha. Mama wa bibi yako, wewe hukumkuta. Alilala kitandani miaka mitatu. Nilikuwa na umri wako, shule nilikuwa nimeiacha kwa sababu hiyo, hakuna aliyeniuliza wala sikujua kwamba huwa watu wanaulizwa. Nilimwosha mpaka alipofariki. Watu waliniita baraka. Baadaye nikadarizi, nikapata wateja, nikacheka sana, nilikuwa na miaka mizuri. Kisha asubuhi moja nikamwona mama anavuta mguu akienda kisimani. Kidogo tu. Wengine hawakuona. Mimi nilikuwa najua kinachofuata, hatua kwa hatua, mpaka visigino. Nikahesabu miaka.

Sasa la filamu. Yule mwongozaji ni kijana, anaitwa Arístides, mpole, ananukia sabuni. Aliniuliza, mama yako anaishi na nani? Nikasema, na mimi. Ilitoka tu. Akauliza, unamfanyia nini? Nikasema, Jumapili namchana nywele. Akaandika. Kesho yake akauliza tena, nikajibu tena. Ukurasa kwa ukurasa. Filamu yote hiyo ni majibu yangu. Nilipokuwa namwosha yule mzee mbele ya kamera sikuwa naigiza na sikuwa nasema kweli. Sijui inaitwaje. Arístides alisema ilikuwa safi mara ya kwanza, hatukurudia.

Siji, Heladio. Nimeliandika ili uone limeandikwa. Si Mei, si Novemba, si bibi akifa. Nina kazi mwezi wa Septemba. Nauawa, bafuni, dakika ya ishirini. Nimekubali.

Lakini sitakuacha mikono mitupu. Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa dada. Msomee kama ilivyo, neno kwa neno, kabla ya tarehe 16. Ukishasajiliwa na vitabu vimenunuliwa, dada hatakutoa, namjua, hawezi kuona kitu kilicholipiwa kikipotea. Novemba ikifika itajulikana. Hasira zitakuwa zangu, nimezizoea. Wewe soma kwa sauti ya kawaida, usiharakishe mwishoni. Macho kwenye karatasi. Huo ndio uigizaji, hakuna siri nyingine.

Casilda


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Kwa dada Elodia,

Shikamoo dada. Nakujulisha kwamba nimefikiri na nimeamua kurudi nyumbani. Nitafika Novemba, kabla ya kuwapokea wafu, na nitakaa na mama mpaka Mungu atakapopenda. Zamu ni yangu, nimeichelewesha. Tafadhali mwache Heladio amalize shule, mimi nipo. Niandalie kile chumba cha nyuma, na kile kitanda kisogezwe mbali na ukuta ili mtu aweze kumzunguka mama pande zote mbili.

Mdogo wako,
Casilda


Juchitán, 20 Agosti 1996

Mama mdogo Casilda,

Shikamoo. Mtoto wa Wilebaldo amezaliwa tarehe 2 Agosti, wa kike, na wamempa jina la mama mkwe. Bati la jikoni tumeweka jipya. Mama hajambo. Bibi yupo.

Barua yako kwa mama sikuisoma ulivyoniagiza. Nisamehe. Iliandikwa vizuri, mwandiko wako haujawahi kuwa mzuri hivyo. Ilifika tarehe 29 Julai na niliiweka ndani ya kamusi siku kumi na sita. Kila siku niliifanyia mazoezi. Niliweza kuisema bila kutazama.

Jumatano tarehe 14, saa tisa mchana, mama alikuwa uani anatoa vichwa vya kamba. Bibi alikuwa kwenye bembea ya kulalia, hatua tatu kutoka kwetu. Nilikaa, nikamwambia kuna barua ya Casilda, yake mwenyewe.

"Yangu?" akasema. "Haya. Inasemaje?"

Nilisoma shikamoo. Nikafika kwenye "nimeamua". Nilikumbuka kwamba watu wa mji huu wameshaona mara moja kitu kizuri ambacho hakikutokea, na mimi ndiye ninayekilipia. Sikutaka mama naye aanze kusogeza kitanda. Ningemwona anakisogeza.

"Anasema haji," nikasema.

Mama hakuinua kichwa. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Hapana. Imeandikwa atakuja Novemba."

"Na wewe umejuaje kwamba haji?"

"Ameniambia mimi. Kwenye barua nyingine."

"Kumbe mna barua nyingine." Akatupa vichwa kwenye ndoo. "Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Soma."

Nikazileta zote, nikasoma. Zako zote mbili na ile ya ndani, hata fundi viatu, hata ngazi. Nilipofika pa kitambaa nilishusha sauti kwa sababu ya bibi. Mama akasema, "Paza. Ni habari zake." Nikapaza. Bibi alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala, kidole chake kilikuwa kinahesabu nyuzi za bembea.

Nilipomaliza nikasema, "Na mimi sitaki kubaki. Nitamwosha asubuhi, nitamwosha jioni, lakini nataka kumaliza shule, na nikimaliza nataka kwenda mbele. Sitaki iwe kazi yangu kwa sababu ya sketi."

Bi Ubalda alikohoa upande wa pili wa ukuta, mama akasema, "Ubalda, ukitaka kusikia vizuri pita mlangoni." Kikohozi kikaisha.

Kisha akasema, "Mimi niliulizwa lini?"

Akavuta ndoo karibu na miguu yake.

"Nilikuwa nimeshapata meza bandarini Salina Cruz," akasema. "Wateja mabaharia, wananunua bila kupapasa. Nilikuwa na ufunguo wake. Huyu Casilda akaenda na kitambaa chake, nikarudisha ufunguo. Hakuna aliyeniita baraka, mimi ni mwanamke wa kawaida, kwa mwanamke ni jambo la kila siku. Hilo halina filamu."

Bibi aliomba maji. Nilimpa, nikamfuta kidevu. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu, akalikosa, akaacha. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alhamisi pia hakusema. Alinipa chakula, mchuzi wa mjusi iguana na mikate mikavu, akala chumbani kwake.

Usinitumie tena barua za aina ile ya Novemba. Andika kama ulivyoandika Julai, hata kama ni mbaya. Mama naye anataka kuzisikia. Ameniambia leo, kwa njia yake: "Na yule wa bafuni, wameshamuua?" Nikasema bado, ni Septemba.

Kuhusu kazi yako, sijui niseme nini. Ningependa kuandika kwamba usikubali, lakini mimi sina ngazi hamsini na mbili. Mwalimu Matus anasema mtu anaweza kujifunza kuandika filamu. Nimefikiria muxe mmoja ndani yake anayekwenda sokoni, anachoka, anakasirika na kurudi nyumbani, na hafi, na pia si mtakatifu. Sijaandika hata mstari. Nakutajia tu.

Nilichofanya ni hiki. Ijumaa tarehe 16 nilimwosha bibi saa kumi na moja alfajiri, nikampaka mafuta, nikamgeuzia kulia, nikamwambia ninakokwenda. Nilitoa cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule kwenye kopo. Nilivaa suruali ya shule na blauzi niliyoidarizi. Nilipita sokoni, nikaweka ufunguo wa nyumba mbele ya mama, nikasema, "Nimemgeuza saa moja. Saa tatu ageuzwe." Alikuwa anampimia mteja. Hakuniangalia, na sikungoja.

Shuleni kulikuwa na foleni. Nilikuwa wa arobaini na moja. Karani alisema fomu inahitaji alama ya mzazi, nimletee Jumatatu, lakini jina aliliandika kwa wino. Nilirudi sokoni saa tano. Mama hakuwepo. Bi Ubalda alikuwa ameketi kwenye kiti chake ameshika mizani kama mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Amekimbia nyumbani tangu saa tatu. Umemfanya nini mama yako?" Nikasema nimejisajili. Akasema, "Na bibi?" Nikasema, "Yuko na bintiye." Alifungua mdomo, akaufunga, akanipa mizani.

Niliketi, nikatoa gazeti lililofunika kamba, nikauza mpaka saa kumi. Kisha nikafunga meza, nikaenda nyumbani na fomu. Mama aliuliza ni mstari upi. Nikamwonyesha. Alichovya dole gumba kwenye wino, akaliweka, akalifutia kwenye aproni, akatoka kwenda kulala kidogo. Nikamgeuza bibi upande wa ukutani. Nikatia fomu ndani ya kamusi ikauke, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji ya jioni.

Heladio